Siku Marehemu Aliponiomba Maji

Siku ya nne baada ya mwanangu kupandikizwa nywele, marehemu mume wangu aliniomba maji ya kunywa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Sikuwa na homa wala usingizi.

Tulieni niwaanzie mwanzo.

Kitindamimba wangu ni fundi saa. Siku nzima kainama mezani, utosi umewaelekea wateja. Utosi wenyewe ulishabaki mtupu kama sahani, kama wa baba yake. Wateja wakawa wanamtania, eti saa za nini, na muda wanausoma pale pale kichwani. Anacheka nao.

Alipotaka kupandikiza nywele, nikajua utani umemchosha.

Nilimsindikiza kliniki, nikauliza mpaka daktari akatabasamu. Nywele zinatolewa kisogoni, moja moja na mzizi wake, zinapandwa mbele na utosini kwenye vitundu vidogo. Kinachouma ni sindano za ganzi. Ganzi ikishakolea, mtu anasinzia tu. Walianza asubuhi, wakamaliza alasiri. Mengine, daktari akasema, yako kwenye karatasi.

Karatasi nikaipaka gundi kwenye pembe zake nne, nikaibandika ukutani.

Alalie mito mitatu, kichwa kiwe juu. Asijikune, hata iweje. Kuosha ni kumwagia maji kwa kikombe, bila kusugua. Kazi ya kuosha nikaichukua mimi.

Siku ya tatu uvimbe ukashuka kwenye paji la uso. Siku ya nne ukafika machoni. Karatasi ilishasema utashuka na utaisha.

Haikusema utakuja na nani.

Baba yake alivimba hivyo hivyo siku zake za mwisho, macho yamebaki mistari. Sasa kasimama mlangoni, kipara kile kile, sauti imekauka.

"Nipe maji kidogo."

Kikombe kikaniponyoka. Nikachota kingine, nikampa huku nimegeukia ukuta.

Uvimbe ukaisha, magamba yakadondoka, nikashusha pumzi. Wiki ya tatu natandika kitanda chake, nakuta nywele kwenye mto.

Kesho yake, nyingi zaidi.

Nikajua ni mimi. Mkono wangu ulikuwa mzito wakati wa kuosha. Kila asubuhi nikawa naziokota, nazificha kwenye kopo la vifungo, nabadilisha foronya, kimya. Na kila jioni, mwanangu akisimama mlangoni, alizidi kuwa baba yake. Hata hatua za koridoni zilikuwa zake.

Siku moja alitafuta kifungo cha shati. Akalifungua kopo.

"Mama, hizi za nini?"

Nikamwambia yote. Nimekuharibia kichwa, mwanangu, nisamehe.

Akanitazama, akaenda ukutani, akaibandua ile karatasi taratibu kwa wembe wa kazini kwake. Akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na maandishi. Wiki ya tatu nywele zitadondoka, mizizi inabaki. Zitaanza kuota tena mwezi wa nne, na mwaka ndio ukamilifu.

Nilikuwa nimeyabandika maneno hayo yakitazama ukuta.

Tukacheka mpaka nikakaa chini. Yeye akaacha kwanza.

"Nilidhani umeshajua kwa nini nilipandikiza," akasema. "Utani wa wateja haujawahi kuniuma, mama. Ni wewe. Tangu kichwa kiishe nywele hujaniangalia usoni. Hata chai unanipa huku unatazama pembeni. Nikasema labda nikiwa na nywele utaniona."

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikamtazama.

Ilikuwa sura ya baba yake. Nikaendelea kutazama mpaka ikawa yake.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu apandikizwe. Nywele zimejaa, wateja wamekosa cha kusema. Marehemu haji tena, na juzi nilijikuta nimetega sikio koridoni, namsubiri.

Ninyi mnaosoma, kama sura ya mtu inawatisha, mwambieni kwa nini. Mkinyamaza, atalitafuta kosa mwilini mwake, na atalifuata mpaka kwenye sindano.

Na karatasi ya daktari, igeuzeni kwanza.