Chafya ya Gakunia

Muigai alikuwa fundi wa baiskeli Ruiru, mtu mpole aliyeogopa hata kuchinja kuku. Asubuhi moja mwaka 1954, askari wa kikoloni waliowasaka Mau Mau walizingira soko, wakawapitisha wanaume mmoja mmoja mbele ya gakunia, yule msaliti aliyevikwa gunia kichwani asijulikane. Akiinamisha kichwa, umekwisha.

Gunia lenyewe lilikuwa la unga. Jirani yake Waweru, aliyekula kiapo cha Mau Mau mara mbili, alipita salama. Muigai aliposimama tu, gakunia akapiga chafya, kichwa kikainama.

"Huyo!" afande akafoka.

"Lakini afande, amepiga chafya tu!" Muigai akajitetea.

Kitako cha bunduki kilimng'oa meno matatu. Gakunia akapiga chafya tena.

"Mnaona? Amerudia," afande akasema. Wakamvunja Muigai mkono.

Alikaa kizuizini miaka minne. Wafungwa wenzake walipomuuliza kosa lake, aliwaambia ukweli. Wakamwogopa, wakidhani anaficha jambo kubwa.

Aliporudi, mkewe Ngendo alimkumbatia, akasema, "Labda Mungu alikuwa na sababu yake."

"Sababu gani?" Muigai akaipiga meza teke hadi ikavunjika mguu. Kisha wakaketi sakafuni, wakala githeri.