Mfaransa Tuliyemlilia

Umeme umekatika hapa stendi ya Msamvu wakati nasubiri basi. Jenereta limewashwa, na harufu ya petroli imenirudisha kijijini kwetu, juu huko Uluguru, utotoni.

Padri wetu, Mfaransa, alitundika shuka jeupe ukutani mwa kanisa, akawasha jenereta lake, akatuonyesha sinema. Bwana mmoja wa kwao, mwenye pua ndefu, alipigwa risasi akafa. Bibi yangu aliangua kilio na wanawake wote wakampokea. Kesho yake hakuna aliyeshika jembe, maana kwetu siku ya msiba hakuna kulima.

Jumapili iliyofuata shuka lilitundikwa tena. Jamani, yule marehemu akatokea, anatafuna mkate na kucheka! Watu walipiga mayowe. Nilijifunika kanga ya bibi, nikausikia moyo wake ukienda mbio.

"Ni mwigizaji," Padri alisema. "Huko kwetu anakufa kila jioni jukwaani, na watu wanampigia makofi."

Bibi alishika mdomo. "Mtu amekufa, Baba Padri, mnapiga makofi?"

Padri alicheka. Bibi hakucheka.

Sasa simu yangu inasema mwigizaji mmoja mzee wa Ufaransa amefariki. Pua ni ile ile. Kwenye video, jeneza lake linatolewa kanisani, barabara imejaa watu wenye nguo nyeusi, na wote wanapiga makofi.

Abiria wamegeuka kunitazama, maana nimesema kwa sauti, "Mtu amekufa, mnapiga makofi?"