Jumapili ya Kusoma Majina ya Wafu

Nakumbuka, tulipokuwa watoto kule Bigo, mtaa wetu wa Bunia, Jumapili ilianza kunukia tangu Jumamosi mchana. Mama zetu walitwanga sombe, yale majani ya muhogo, samaki wa chumvi kutoka Mahagi-Port walilowekwa kwenye beseni hadi harufu yao ikashika nguo za ibada zilizoanikwa kwenye kamba, na sisi wasichana tuliamriwa kuacha nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kurusha mguu, twende tukasugue visigino kwa jiwe. Wenzangu wa rika langu mnajua: viatu vilikuwa jozi moja tu, vya Jumapili, na vikikubana ulinyamaza, maana ukisema, anapewa mdogo wako. Vijana wa leo wanaingia ibadani kwa kuchelewa, viatu vyeupe kama maziwa, simu mkononi, na ukiwauliza watakuambia wanasoma Biblia humo. Sisi tulikuwa na Biblia moja nyumba nzima, na aliyeishika alikuwa Baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kila mwisho wa mwezi wa kumi na moja, yeye ndiye aliyesoma majina ya waumini waliotutangulia mwaka ule. Enzi hizo yalikuwa machache: bibi aliyeshiba miaka, mtoto wa surua, mwanamume aliyefukiwa na shimo la dhahabu. Baba alisoma polepole, na baada ya kila jina alingoja mpaka jamaa za marehemu wasimame. Nyumbani alituambia, "Musikimbize jina ya mutu. Ndiyo kitu ya mwisho tunamupa."

Mtu niliyempenda kanisani baada ya Baba alikuwa Eliya, mwana wa pekee wa jirani yetu, mjane aliyeuza mandazi mbele ya shule. Kila mtu alimwita yule mjane Mama Eliya; jina lake la ubatizo sikulijua mpaka nikawa mtu mzima. Eliya alinipita miaka sita. Alipiga ngoma ya korali ya watoto, na mvua ikishanyesha, njia ikageuka matope mekundu, alitubeba mgongoni mmoja mmoja kuvuka mfereji ili soksi zetu zisichafuke. Baba ndiye aliyemfundisha kusoma Maandiko kwa sauti mbele ya watu. Alikula kwetu mara nyingi hata mama akawa anampakulia bila kuuliza kama amekuja.

Kisha vita vikaingia. Sitaki kusema nani alianza. Kila nyumba ya Bunia ina jibu lake. Eliya aliacha shule akaenda msituni na vijana wenye bunduki. Mama yake alituambia amekwenda kwa mjomba wake, nasi tukajifanya tumeamini. Miezi michache baadaye kundi lile lile likashuka mtaani kwetu asubuhi, watu wakinywa chai. Tulikimbia na nguo tulizovaa. Tukiwa njiani Baba akasimama. Bibi, mama yake mzazi, hakuweza kutembea, na katika fujo ile kila mmoja alidhani mwingine amembeba.

"Muende," Baba akasema. "Niko nyuma yenu."

Tulirudi siku ya nne. Baba alikuwa mlangoni, na Bibi kitandani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama hakunifunika macho. Alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani.

Kama Eliya alikuwemo asubuhi ile, hakuna aliyejua wala anayejua leo. Kundi lilikuwa lake, tulijua hilo tu. Kabla mwaka haujaisha, habari zikafika kwamba naye ameuawa huko msituni. Mwili wake haukuonekana.

Mwaka ule kusoma majina kulichukua muda mrefu kuliko mahubiri. Baba alisomwa wa nne. Eliya hakusomwa. Wiki ile mama yake alikuwa amemwendea mchungaji kumwomba, na mama yangu alikuwa humo kanisani anafagia, akasikia jibu.

"Mama, hapa tunasoma wale walilala katika Bwana. Mutoto yako alikufa na bunduki mu mukono."

Lakini Jumapili, jina la mwisho lilipokwisha kusomwa, Mama Eliya alisimama peke yake kwenye benchi la nyuma. "Na Eliya, mutoto yangu," akasema, akakaa. Watu wakakohoa. Mwanamke mmoja alitema mate alipompita mlangoni.

Akafanya hivyo kila mwaka. Wachungaji wakabadilika, mabati ya paa yakabadilishwa, mimi nikaolewa, nikazaa, nikawa karani wa kanisa, na kusoma majina kukawa kazi yangu. Mama yangu hakumgeukia hata mara moja, wala hakununua tena mandazi yake. Wakikutana bombani, mmoja alisimama mbali mpaka mwenzake amalize kuchota.

Mwaka jana Mama Eliya alikufa kwa kifua. Nilimwandika kwenye orodha kwa jina lake la ubatizo: Debora. Kisha nikaenda kwa mama kumsomea majina yote, kama nilivyozoea, aniambie nani nimemsahau. Aliacha kuchambua maharage.

"Na mutoto yake?"

"Mama, yule hajaandikwa hata mwaka moja."

"Kwa sababu mama yake alikuwa anamutaja. Sasa nani atamutaja?"

Nikamwambia watu watakasirika. Nikamwambia, na mimi mwenyewe nimeshakasirika, kwamba nilimkuta Baba mlangoni kwa macho yangu.

"Mimi pia nilimukuta," akasema. "Weye unafikiri nimesamehe? Kila asubuhi ninaomba, haijakuja. Lakini ule mutoto alikula mu sahani yangu. Andika."

Nikaandika. Jumapili nilisoma polepole, kama Baba. Nilipofika kwa Debora hakuna aliyesimama, maana hakuacha ndugu. Nikangoja, kisha nikasoma, "Eliya, mwana wa Debora." Mzee mmoja aliyepoteza wanawe wawili akachukua fimbo yake akatoka, na hadi leo hajarudi ibadani. Simlaumu. Ndani hakuna aliyekohoa. Mama yangu alishika benchi lililo mbele yake, akajivuta kwa yale magoti yake mabovu, akasimama. Hakulia. Alibaki amesimama mpaka nikaweza kusoma jina lililofuata.

Tulirudi nyumbani, tukala.

Watoto wangu wananicheka. Wanataka majina yawekwe kwenye simu, yasomwe chapuchapu, ili korali yao na kinanda chao cha umeme wapate nafasi. Nawaambia wangoje. Enzi zetu ukurasa mmoja wa daftari uliwatosha wafu wa mwaka mzima, na chini palibaki nafasi ambapo Baba aliandika nyimbo za siku ile. Siku hizi kuna waliouawa mashambani, na waliokufa katika kambi za waliokimbia vita wakingoja kurudi makwao. Orodha ya mwaka huu nimeshageuza karatasi, naandika upande wa pili, na mwezi wa kumi na moja bado uko mbali.