Fundi Viatu Asiyegusa Gundi

Saa mbili asubuhi, fundi viatu anatoboa soli kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi. Anavuta uzi wa nailoni, anapumzisha kiganja, kisha anatoboa tena. Kazi ambayo kwa fundi mwingine ni ya kupaka na kubandika, kwake inakula asubuhi nzima.

Mwenye kiatu, muuguzi mwingi wa maneno, anasubiri kwenye benchi, mguu mmoja peku.

"Fundi, si ungenibandikia kwa gundi tu niende zangu?"

"Gundi hapana, mama. Nenda kwa jirani, anayo debe zima."

Muuguzi anasonya, lakini haondoki. Mishono ya hapa haiachii, na mtaa mzima unalijua hilo. Wasichokijua ni kwa nini fundi hagusi gundi. Wamembandika jina la utani, Bwana Uzi, naye kalipokea, maana heri kuchekwa kuliko kuulizwa.

Alikuwa na miaka kumi na minne alipoingia karakana ya mjomba wake. Mjomba alifunga madirisha ili vumbi lisigande kwenye gundi mbichi, na mpwa akapewa kazi ya kukoroga kopo.

"Nilikuwa wa kwanza kufika kazini kila siku," anajisemea moyoni. "Mjomba akanisifu kwa watu, kijana ana bidii. Kumbe bidii yenyewe ilikuwa puani."

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Huyu alikunjwa na kopo. Baada ya gundi ikaja bangi, baada ya bangi unga. Shule akaiacha, na nyumbani akamwibia mama yake mpaka masufuria. Alipotoka kituo cha tiba alikuwa na miaka thelathini na sita.

Huko mshauri alimweleza kuwa ubongo wa kijana bado unajengwa, na kilevi kikiingia mapema hushika mizizi. Hakubisha. Hadi leo hapokei jozi kamili. Mteja humwachia kiatu kimoja na kuondoka na cha pili, arudi nacho kulinganisha, kwa sababu kumbukumbu ya fundi imelegea na husahau kipi ni cha nani.

"Nimechoka," anajiambia. "Si kwa kazi. Nimechoka kujichunga kila siku kama mtoto anayetambaa karibu na jiko."

Na sasa kuna binti yake. Ana miaka kumi na minne, na likizo hii ameletwa na mama yake ajifunze ufundi. Hajui lolote. Baba alipanga kumwambia akimaliza shule.

"Ananiheshimu," anawaza. "Nikisema, heshima itabaki?"

Jirani anafungua debe lake. Upepo unaleta harufu mpaka kwenye benchi, na binti, anayepanga nyuzi mwisho wa benchi, anainua kichwa.

"Baba, gundi inanukia vizuri, eti? Mbona sisi hatuna?"

Muuguzi anacheka. Fundi hacheki. Anaiweka shazia chini.

"Mwanangu, sogea hapa. Kuna neno nilikuwa nakuwekea."

Anamweleza yote, taratibu, bila kuyaruka masufuria. Mteja yupo palepale, na kufikia jioni mtaa utakuwa umepata habari. Fundi analijua hilo, lakini anaendelea.

"Kesho tunahamisha benchi upande wa pili wa barabara," fundi anamalizia. "Kule ni juani na wateja watalalamika. Na walalamike."

Binti anaitazama mikono ya baba yake.

"Ulianza ukiwa na miaka mingapi?"

"Kama yako."

"Na bibi alijua?"

"Alijua nikiwa nimeshaharibika. Hakuna aliyeniwahi, mwanangu. Wewe nataka nikuwahi."