Kimeng'enya Kilichoamkia Kongoshoni

Ilianza Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni. Mama alikuwa anapalilia mihogo nyuma ya nyumba yetu Vihingo, akaliacha jembe, akakaa palepale chini. Nikamkimbilia nikidhani nyoka.

"Tumbo," akasema. "Linachoma mpaka mgongoni." Kisha akatapika.

Jirani mwenye gari alitupitisha Mlandizi, tukafika hospitali Kibaha Mama akiwa amenilalia mapajani, hasemi.

Daktari, mama wa makamo, alipomaliza vipimo aliniuliza nasoma kidato cha ngapi. Nikasema cha nne, nikiangalia viatu vyangu. Mimi nikiongea na watu wazima sauti hunikimbia.

"Basi kongosho unalijua. Linatengeneza vimeng'enya vya kusaga nini?"

"Protini."

"Na mbona havilisagi kongosho lenyewe? Nalo si nyama?"

Kongosho nimelichora mara nyingi, ila swali hilo halijawahi kunijia.

Akanieleza kwamba ndani ya seli kimeng'enya hicho cha protini hufungiwa kwenye vifuko vyake, kimelala, mpaka kifike utumboni ndipo kianze kazi. Kwa Mama, kijiwe cha nyongo kilikuwa kimeziba njia ya kwenda utumboni. Vifuko vikachanganyikana na vingine humohumo ndani ya seli, vyenye kitu cha kukiamsha, nacho kikaamka kabla hakijatoka. Kilichopaswa kuyeyusha maharage kikaanza kumyeyusha yeye.

"Kwa sasa asile, asinywe, tunamtundikia maji. Akila, kongosho litaitwa kazini. Usimwachie mtu amlishe."

Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, shangazi, dada yake Baba, akaingia na chupa ya supu ya kuku.

"Wifi yangu! Wanakushindisha njaa hawa?" Akamimina. Kwetu mgonjwa asiyeletewa supu ni kama hana ndugu. Mama naye, kwa kumheshimu wifi yake, akaanza kujiinua.

"Shangazi, hapana." Nikakishika kikombe. Supu ikaniunguza kidole.

"Lione! Jana tu nilikuwa nakuogesha. Hata shikamoo yako siisikiagi, leo umepata mdomo?"

Nikamweleza yote, kijiwe na vifuko. Akanisikiliza, kikombe mkononi.

"Kwa hiyo akinywa namwamsha huyo mdudu?"

"Si mdudu, shangazi, ni..."

"Nimeelewa. Mdudu." Akainywa supu mwenyewe, akilalamika chumvi haijakolea. Mama akacheka, akashika tumbo, akacheka tena.

Jioni daktari alimbonyeza tumbo, Mama hakukunja uso. Kijiwe kitatolewa baadaye, alisema, ila kongosho linatulia. Nikaenda chooni nikalia mpaka nikaona njaa.

Asubuhi iliyofuata waliruhusu maji. Nilimnywesha Mama kijiko kimoja, nikasubiri nikimtazama usoni.

"Unanikodolea nini? Lete kingine."

Nikampa kingine.