Siku Viputo Vilipokuja

Baba yangu alikuwa fundi wa pampu za maji hadi alipostaafu na kurudi kwetu mlimani Sagalla. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kwamba pampu inayolia kama ina kokoto tumboni iko njiani kufa. Hakuna kokoto humo, alisema. Ni viputo vya mvuke vinavyozaliwa shinikizo la maji likishuka, na vikipasuka hula chuma. Akiusikia mlio huo alikimbia kuzima, hata kama alikuwa anakula.

Mimi nikasomea kemia, na kazi ikanirudisha Voi. Pamoja na mwenzangu, mwanamke wa Taveta mwenye subira kunishinda, tulikuwa tunajaribu kuondoa mabaki ya dawa katika majitaka. Dawa tunazomeza haziishii zote mwilini. Nyingine hutoka na mkojo, zikafika kwenye bwawa la majitaka, na vijidudu vinavyokula uchafu mwingine huko huziacha zilivyo. Hospitali moja ndogo ilituruhusu kuweka mtambo wetu kando ya bwawa lake: pampu, pipa, na bomba lenye koo jembamba katikati. Maji yakisukumwa kwa nguvu kooni, viputo huzaliwa, na vikipasuka huzivunjavunja dawa hizo.

Lakini viputo havikuja. Maji yalipita kimya, na sindano ya geji ya kupimia shinikizo ililala tu. Mwenzangu akasema tumwite Baba. Nikampigia simu na kumwambia pampu yetu imekosa nguvu. Tulichokuwa tunakitafuta sikumweleza. Niliona ni habari ndefu kwa simu.

Alishuka mlimani kwa bodaboda, spana zake ameziweka kwenye gunia mapajani. Akapapasa mabomba, akagundua pampu inavuta hewa mahali bomba la kuvutia maji lilipoungwa. Akalifungua, akazungushia nyuzi za katani kuziba hewa, akakaza. Nikawasha. Sindano ikapanda, na punde tukasikia kokoto.

Mwenzangu alinikumbatia. Baba akatupita mbio, akazima swichi.

"Mnaiua," alisema, na alikuwa amekasirika kweli.

Nikamwonyesha koo la bomba. Nikamweleza kwamba viputo vinapasuka hapo, mbali na pampu, na kwamba hicho ndicho tulichokitaka. Koo likilika, tutaweka jingine. Alilitazama bomba kwa muda.

"Yaani mimi nimeifukuza sauti hii maisha yangu yote, na wewe umeenda shule kujifunza kuiita?"

"Ndiyo, Baba."

Alicheka hadi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akauliza kama vidonge vyake vya magoti navyo huishia kwenye maji. Nikamwambia huenda, pamoja na vya watu wengi. Akainuka, akaomba awashe yeye mwenyewe.

Sampuli za maji, ya kabla ya mtambo na ya baada, tulizipeleka maabara Mombasa. Majibu yalipokuja, mwenzangu aliifungua grafu kwenye simu, tukaitazama vichwa vimegusana. Kilele cha dawa ya maumivu, kilichokuwa kirefu kabla ya mtambo, kilikuwa kimebaki kinundu. Dawa nyingine ilikuwa haijatikisika sana, na mtambo unakula stima, kwa hiyo kazi bado ipo. Siku hiyo hatukulijali hilo. Nilimpigia Baba. Nikamsikia akimweleza mtu aliyekuwa kando yake kwa lugha yetu ya nyumbani, haraka haraka, kana kwamba mtambo ni wake.

Jumapili tulipanda Sagalla. Mama alikuwa amepika kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, na majirani waliotoka kanisani wakaingia kusikia habari. Mmoja akauliza kama maji hayo sasa yananyweka. Mwenzangu akasema la, labda siku moja yatamwagilia miti.

Mama alikuwa anamwongezea mwenzangu chakula bila kumuuliza. "Basi mkimaliza hayo," alisema, "mtutafutie na ya kunywa. Sisi huku mlimani tunangoja."

Tulicheka wote, na mwenzangu akasogeza sahani apate zaidi.