Fuwele za Mzee wa Urambo

Leo hadubini imenifanya nijione profesa.

Mkojo wa mzee anayetibiwa saratani umejaa fuwele za njano, kama sindano! Sijawahi kuziona tangu nianze kazi maabara.

Nikapiga picha, nikamwita daktari kwa mbwembwe zote.

"Dawa imeganda kwenye mkojo," akasema. "Hanywi maji huyu. Figo zitakufa."

Nikamfuata mzee kwenye benchi.

"Shikamoo. Mbona hunywi maji?"

"Marahaba mwanangu. Nikinywa, dereva wa basi la Urambo atalazimika kusimama nichimbe dawa kichakani. Ananuna!"

Nikamnunulia chupa kubwa ya maji. Akashukuru sana, akaitia kwenye begi lake.

"Nitayanywa nikifika nyumbani."

Madereva wa Urambo, mmenisikia? Simameni bila kuombwa.